Ng'ombe Wana Majina, Kuku Ndio Waliolipa Ada

Kikao cha mahari kikikaa Bweri siku hizi, ng'ombe hawaonekani. Wazee wanaketi kwenye viti vya plastiki chini ya mwembe, soda zinapita, na msemaji wa upande wa mume anasimama kutaja alichotumwa: ng'ombe kadhaa, mbuzi wa babu, blanketi la bibi. Kisha kijana mmoja anatoa simu, anaingiza namba ya siri, na punde si punde simu ya upande wa pili inalia. Ng'ombe wamefika. Hakuna aliyesikia kwato, hakuna samadi ya kuzoa. Lakini subiri kidogo. Mzee wa upande wa binti hatosheki na jumla iliyoandikwa kwenye ujumbe. Anataka wahesabiwe kwa mdomo, mmoja mmoja: huyu jike mwenye ndama, huyu mtamba, huyu dume. Fedha ni zilezile, ila bila hesabu hiyo anaona kama hajapokea kitu.

Bweri ni kata ya Manispaa ya Musoma, na ndiko iliko stendi kuu ya mabasi. Anayetoka Tarime, Bunda, Butiama au Mwanza anashukia hapa kabla ya kutafuta bodaboda ya kumwingiza mjini. Sisi wa Bweri ni watu wa mjini kwa anwani. Nyumba ni za bati na tofali za saruji, luku inasoma ukutani, lakini uani kuna mbuzi aliyefungwa kwenye mpera, na mwenye nyumba ana shamba lake la muhogo mahali fulani njia ya Butiama. Kijiji kwetu si mahali pa kwenda Krismasi. Tulikuwako juzi, na tumerudi na udaga.

Kwa kuwa tuko karibu nacho hivyo, hadithi za ukoo huku hazifi. Msibani na harusini wazee wanazimwaga mpaka usiku. Nazipenda, ila nimeziona zina upendeleo mmoja mkubwa: zimejaa ng'ombe. Dume aliyemkabili simba, maksai aliyejua njia ya nyumbani gizani, jike mwekundu aliyekuja kwa mahari ya shangazi. Viumbe wengine waliotulea hawatajwi, na waliowatunza viumbe hao, wengi wao wanawake na watoto, hawatajwi pia.

Tuanze na ng'ombe hata hivyo, maana tusipoanza naye wazee wataliweka gazeti chini.

Kwa Wakurya, Wazanaki, Waikizu, Wangoreme na majirani zao, ng'ombe ni daftari la ukoo. Binti akiolewa, ng'ombe wake hawaji kukaa tu. Ndio watakaomwoza kaka yake. Kaka anajua ni ng'ombe wa dada gani waliomleta mkewe nyumbani, na mke naye anajua. Ndiyo maana katika kila mji yupo shangazi mmoja ambaye akifika mambo yanabadilika. Akiomba mbuzi anapewa, akigombeza watoto hakuna wa kumjibu, akikataa jambo kikao kinaahirishwa. Mtoto aliyekulia Dar es Salaam anaweza kudhani ni ukali wa tabia. Sivyo. Baba yake asingeoa bila ng'ombe wa mama huyo, na kila aliyepo pale analijua hilo bila kuambiwa.

Wakurya walikwenda mbali zaidi. Mama mwenye ng'ombe lakini asiye na mtoto wa kiume anaweza kumtolea mahari binti, naye binti akaja kuzaa watoto watakaolibeba jina la nyumba ile. Wanaiita nyumba ntobhu. Mengi yamesemwa juu ya mila hiyo, ya kuisifu na ya kuilaumu, nami sina nafasi ya kuyarudia. Ninachokitaja ni kazi ya ng'ombe: jina lililokuwa linaelekea kufutika likabaki kwa sababu kulikuwa na kundi zizini.

Daftari hilo lina kurasa chafu pia. Tarime na Rorya zilifikia kuwekewa kanda maalumu ya kipolisi, na wizi wa mifugo na mapigano ya koo ni sehemu kubwa ya sababu. Na yupo mwanamke mtu mzima hapa Bweri, wala si mmoja, aliyetolewa darasani ili kaka yake apate ng'ombe wa kuolea. Mwanamke huyo hana hamu ya kusikia ng'ombe wakisifiwa, na simlaumu.

Miaka nayo ilihesabiwa kwa viumbe. Mtemi wa Wazanaki aliyezaliwa karibu mwaka 1860 alipewa jina la viwavi walioivamia nchi wakati huo: Nyerere. Mwanawe alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922 akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Kwa hiyo jina tunalolisoma kwenye barabara na uwanja wa ndege lilianza na wadudu wala mazao.

Halafu ukaja mwaka wa sotoka, ambao kwa baadhi ya koo ndio mwanzo wa kila kitu, maana waliokuwa na mali kabla yake hawakuwa nayo baada yake. Sotoka iliingia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, na mwanzoni mwa miaka ya 1890 ilikuwa imeshateremka huku. Sehemu nyingi iliua ng'ombe tisa kati ya kumi. Iliwaua nyati na nyumbu vilevile. Njaa ikafuata, ndui ikafuata, wafugaji wakahama, vichaka vikaota palipokuwa malisho na mbung'o wakaingia humo. Mtalii anayesimama leo Serengeti akidhani anatazama nyika isiyowahi kuguswa na binadamu, kwa sehemu anatazama kilichoachwa na ugonjwa wa ng'ombe. Mwaka 2011 ilitangazwa rasmi kwamba sotoka imetokomezwa duniani, ikiwa ugonjwa wa pili katika historia kufutwa kabisa baada ya ndui. Ingekuwa haki yetu kuchinja kitu siku hiyo. Sidhani kama kuna mji uliochinja.

Ukiwauliza wazee watu walikula nini baada ya ng'ombe kwisha, unajibiwa kwa mkato: walihangaika. Hadithi inahamia kwenye namna kundi lilivyoanza tena, nani alikopa mtamba kwa nani. Katikati hapo pana shimo. Nadhani aliyehangaika alikuwa na jembe mkononi na kuku miguuni, na hadithi za ng'ombe hazina pa kumweka.

Hata kwa Mwalimu Nyerere, huyo Kambarage, ni hivyohivyo. Kila mwanafunzi wa nchi hii amesikia kwamba mwaka 1934, akiwa na miaka 12, alianza Shule ya Mwisenge hapa Musoma. Mbuzi aliokuwa akiwachunga kabla ya hapo wanapewa nusu sentensi. Mtu aliyewahi kuchunga mbuzi anajua kazi ile inavyomfundisha mtoto: ng'ombe anakwenda kwa kundi, mbuzi kila mmoja ana shauri lake, na jioni wewe ndiye utakayejibu kwa nini wako kwenye muhogo wa jirani. Alipoachia urais Novemba 1985 alirudi Butiama kulima na kufuga. Labda alikuwa amewakumbuka.

Bibi yangu alikuwa na kuku. Ng'ombe walikuwa wa babu, hata yule ambaye bibi ndiye aliyemkamua kila alfajiri. Kumuuza ng'ombe kulihitaji kikao, ndugu waitwe, sababu zitolewe, mzee afikirie. Kumuuza kuku kulihitaji kuwahi tu kabla hajatoka bandani. Chumvi, mafuta ya taa, sabuni ya mche, nauli ya kwenda hospitali, kanga ya kuzikia: vyote vilitoka kwenye banda lile la fito lililokandikwa udongo. Babu alikuwa akiuliza fedha imetoka wapi, bibi anajibu, "Nimekopa." Alikuwa amejikopa mwenyewe.

Na ada. Kabla ya serikali kuifuta mwaka 2016, sekondari ya kutwa ya serikali ilidai Sh20,000 kwa mwaka. Ukiisoma leo inaonekana ndogo, lakini haikuja peke yake. Ilikuja na mchango wa dawati, wa mlinzi, wa maabara, sare, viatu vyeusi, daftari kubwa za kaunta. Hakuna mzee aliyekubali kutoa ng'ombe mzima kwa ajili ya daftari za kaunta. Siku ya kufungua shule ungewaona akina mama kwenye barabara ya vumbi, tenga kichwani au kuku wawili wamefungwa miguu wakining'inia, wanawahi mnunuzi kabla jua halijawachosha kuku. Mwanasheria, nesi na mwalimu wa ukoo wetu wamepita kwenye matenga hayo. Kwenye hotuba za mahafali kilichotajwa ni "jasho la baba".

Kinachouma zaidi ni kwamba katika jamii kadhaa za kanda hii ya ziwa zamani mwanamke hakuruhusiwa kula kuku wala mayai. Alimwatamisha, alimfukuzia mwewe, alimwokoa na kicheche, alimchinjisha kwa ajili ya mgeni, halafu yeye akala ugali na mlenda. Mwiko huo sasa umekwisha, ila firigisi bado inajua njia ya kwenda kwenye sahani ya mwenye mji.

Adui wa banda la bibi alikuwa kideri. Aliyefuga kuku wa kienyeji hahitaji kuelezwa. Kinaanza kiangazi kikiwa kimekolea: kuku mmoja anasimama pembeni amejikunja, mharo wa kijani, shingo inapinda, na baada ya siku chache uani pamekuwa kimya. Bibi alitwanga mwarobaini, alitia pilipili na majivu kwenye maji ya kunywa, akasali pia. Kideri hakikusikia lolote kati ya hayo. Nakumbuka msimu mmoja ambao banda zima liliisha, akabaki tetea mmoja wa kishungi aliyekuwa ameatamia kichakani mbali na wenzake. Mwaka ule kaka yangu alisubiri kidato cha kwanza. Kwenye hadithi ya ukoo inasemwa kwamba "alichelewa kidogo". Hakuna anayetaja kideri.

Siku hizi ipo chanjo, tena rahisi. Ile inayoitwa I-2, inayotengenezwa hapa nchini, inavumilia joto kuliko chanjo za zamani, na unamdondoshea kuku tone moja jichoni, kisha unarudia kila baada ya miezi mitatu. Chupa moja inatosha kuku wengi na ikishafunguliwa haiwekeki, hivyo akina mama wa mtaa inabidi wakubaliane: kesho asubuhi hakuna kufungua banda mpaka mchanjaji apite. Nimeona Bweri majirani waliokuwa hawasalimiani wakipatana kwa sababu ya chupa ya chanjo. Bei yake haifiki ya soda kwa kila kuku, wala haikaribii. Bibi angekuwa nayo, kaka asingesubiri.

Niongeze mbwa, maana naye analala nje na kusahaulika ndani. Mbwa wa kwetu wanapewa majina ya kuwasema majirani, Waambie, Tutaonana, Hayakuhusu, na mtu anaweza kugombana na mwenzake mwaka mzima kwa kumwita tu mbwa wake kwa sauti. Lakini mbwa huyo ameunganishwa na mambo makubwa kuliko ugomvi wa uzio. Mwaka 1994 simba wa Serengeti walianza kuanguka kwa degedege. Theluthi moja hivi ya simba wote wa pale walikufa, wakikadiriwa kufika elfu moja. Ugonjwa ulikuwa ule unaoitwa distempa, ambao kawaida ni wa mbwa, na watafiti waliufuatilia hadi kwenye mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi. Tangu miaka ile ya tisini wamekuwa wakipita vijijini kuwachanja mbwa, chanjo ya kichaa cha mbwa humohumo, na watoto ndio wanaowaburuta kwa kamba mpaka kwenye foleni. Mtoto wa Bunda aliyemshika mbwa wake asimng'ate mchanjaji amemlinda simba ambaye pengine hatamwona maisha yake yote. Simba ana filamu. Mbwa hata picha hana.

Kwa kuwa nimefika Bunda, nisipite bila kutaja tembo. Vijiji vilivyopakana na hifadhi na mapori ya akiba vinalala macho msimu wa mavuno. Watu wanakesha shambani na madebe na tochi, na asubuhi wanahesabu kilichobaki. Serikali ina malipo yake, kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa, na waathirika watakwambia jasho huwa limeshakauka lenyewe. Mwalimu anakumbukwa kwa kusema kwamba yeye binafsi hakuwa na hamu ya kutumia likizo kuwatazama mamba, ila aliamini wanyamapori wataiingizia nchi fedha nyingi baada ya almasi na mkonge. Alikuwa mtu wa Mara akisema ukweli wa Mara: mnyama wa porini ni wa serikali, mnyama wetu ni yule tunayemfungulia asubuhi. Kinachonifurahisha ni kwamba mojawapo ya vitu vinavyomrudisha tembo ni nyuki. Huko Sagalla nchini Kenya, jirani na Tsavo, wakulima walizungushia mashamba yao mizinga iliyounganishwa kwa waya. Tembo akigusa waya mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, mkubwa anakimbia. Wazee wetu waliokuwa na mizinga wasingeshangaa, lakini nao walisimulia tembo, hawakusimulia nyuki.

Ziwani ni habari ileile. Sangara, aliyepandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na kushamiri miaka ya 1980, ana viwanda, ana ndege za mizigo, ana hadithi za kumeza ndoano na kuburuta mtumbwi. Furu, wale samaki wadogo wa rangirangi ambao watoto wa Musoma waliwavua kwenye mawe kwa uzi na pini iliyopindwa, walikuwa wa aina mamia, na nyingi kati ya aina hizo hazionekani tena. Waliojifunzia uvuvi kwa furu sasa ni wazee. Waulize, watakusimulia sangara.

Serikali nayo imekuwa ikihesabu kwa macho ya wazee. Sheria ya utambuzi wa mifugo ya mwaka 2010 ilileta chapa, kisha zikaja hereni za kielektroniki. Sina ugomvi na hereni. Ng'ombe aliyeibwa Butiama akakutwa mnadani mahali pengine anahitaji kitu zaidi ya mzee wa kuapa kwamba anaijua rangi yake. Lakini lililonigusa ni kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo iliyozinduliwa Bariadi, Simiyu, Juni 2025. Ng'ombe, mbuzi na kondoo walipewa chanjo ya ruzuku, mfugaji achangie. Kuku wa asili wakapewa bure. Nilipoisikia niliwaza kwamba ofisini mle kuna mtu aliyelelewa na bibi yake. Hereni kuku hakupata, kwa sababu zinazoeleweka.

Mwaka jana ukoo wetu ulikutana Bweri kumaliza msiba, na vijana wakaomba historia iandikwe kabla wazee hawajaisha. Mzee mmoja, mdogo wake babu, akaanza kama kawaida na ng'ombe wa mahari ya mama yake: rangi, pembe, nani alizaa nani. Vijana wakaandika kurasa. Ndipo shangazi, yule yule asiyejibiwa, akasema waandike na hili: kwamba banda la mama lilikwisha kwa kideri, akabaki tetea mmoja mweupe wa kishungi, na kwamba vifaranga wa tetea yule ndio waliompeleka kijana sekondari mwaka uliofuata. Wanaume wakacheka. Kijana mwenye kalamu akawa hajui aandike au asiandike.

Mzee akamnyooshea shangazi fimbo. "Hakuwa mweupe," akasema. "Alikuwa wa madoadoa, kama kanga. Na kishungi chake kilikuwa kimeangukia upande wa kushoto, kwa hiyo jicho moja alikuwa haoni vizuri. Mweupe alikuwa wa mji wa pili."

Shangazi akakataa. Mzee akashikilia. Wakaitwa watu wawili waliokuwa jikoni kutoa ushahidi, nao wakatofautiana, mmoja akasema hakuwa tetea mmoja bali wawili. Chai ikapoa, kikao kikaenda mpaka saa nne usiku, na kijana akaendelea kuandika.